Mama akilipwa si kwamba nesi kafukuzwa

Kuna lawama inazunguka sana saa hizi kati yetu manesi wa majumbani huku Marekani, hasa sisi wa Afrika Mashariki ambao wengi tuliingia kwa mlango wa LPN, yaani leseni ya uuguzi ya ngazi ya chini, na lawama yenyewe ni kwamba majimbo yameanza kuwalipa wazazi wawahudumie watoto wao wenyewe, watoto wale wagonjwa sana wa ventileta, yaani mashine ya kupumulia, na mabomba ya tumboni, kwa hiyo eti kesi zetu, yaani wagonjwa tunaopangiwa, zinaisha na mama wa mtoto ndo kachukua shifti yetu. Nimesikia mpaka mtu mzima na leseni yake anasema hao wazazi "wanakula kazi za watu". Mimi nasema hapo tunamgombeza asiyehusika. Mzazi hajachukua shifti ya mtu, amelipwa kiasi kidogo kwa shifti ambayo ilikuwa haina mtu tangu zamani na alikuwa anaifanya bure, na kumlipa ni haki tupu. Kinachonitia wasiwasi mimi ni kitu kingine kabisa, namna jimbo linavyokwenda kuhesabu hizo saa baada ya kumlipa, kwa sababu hesabu hiyo ndo inaweza kuja kutuumiza sote, mtoto akiwa wa kwanza.

Nianze na kazi yenyewe maana hata ndani ya fani wengi hawaijui. Nesi wa aina hii anakaa na mtoto mmoja nyumbani kwao, shifti ya saa 8, 10 au 12, mchana au usiku, wakati mwingine anapanda naye basi la shule na kukaa naye darasani. Watoto wenyewe ni wale waliozaliwa kabla ya wakati mapafu yakabaki mabovu, wenye udhaifu wa misuli wa kurithi, wenye mtindio wa ubongo mkali, wenye kifafa kisichosikia dawa. Wengi wamewekewa mrija shingoni wa kupumulia, yaani trakeostomi, wanalishwa kwa pampu kupitia tundu la tumboni, na usiku mashine ndo inawapumulia. Nesi anafuata mpango wa matibabu uliosainiwa na daktari, mpango ambao kwa kawaida unapitiwa upya kila baada ya siku 60, anafyonza makohozi, anatoa dawa, anabadilisha mrija, anaandika chati, na haruhusiwi kuondoka mpaka aje mtu mwingine aliyefundishwa kumpokea mtoto, hata kama muda wake umeisha saa nzima iliyopita na nyumbani kwake ana watoto wake wanamsubiri.

Sasa kuna hoja moja nataka niimalize mapema kwa sababu ndo dhaifu kuliko zote na ndo inasemwa sana, kwamba hii ni kazi ya kukaa tu, mtoto mmoja amelala, wewe uko kwenye kiti na simu yako, kwa hiyo hata mzazi au yeyote yule anaweza na malipo yasiwe makubwa. Wanaosema hivi wengi wametoka hospitali au nyumba za wazee ambako mtu ana wagonjwa 20 au 30, wanapima kazi kwa idadi ya vichwa. Ngoja niwape picha. Saa tisa usiku, nyumba kimya, oksimita, kile kipimo cha oksijeni kwenye damu, inasoma 96. Halafu 91. Unainuka, unaweka mkono kifuani kwa mtoto, hakipandi vizuri. 84, alamu ya ventileta imeanza kulia kwamba presha iko juu. Unaingiza katheta ya kufyonzea, inafika sentimita chache inagoma, haipiti. Makohozi yamekauka ndani ya mrija yameziba njia yote, na njia ya juu ya mtoto huyu ni nyembamba kiasi kwamba hiyo ya shingoni ndo anayoitegemea. Hospitalini hapo unabonyeza kitufe na watu 8 wanaingia wanakimbia. Hapa uko wewe na mrija wa akiba uliotundikwa kichwani kwa kitanda, mmoja wa saizi ile ile na mwingine mdogo zaidi endapo wa kwanza utakataa kuingia. Unafungua kamba za shingoni, unatoa uliopo, unaingiza mpya, unaminya mfuko wa hewa kwa mkono, unaangalia kifua. 71. 79. 90. Yote hiyo ni kama dakika moja na nusu, gari la wagonjwa hata ungepiga simu mwanzoni kabisa lingekuwa bado halijatoka kituoni. Mimi nimefika hapo mara mbili kwa miaka yangu yote ya kazi hii na mara zote mbili mama aliamka asubuhi akauliza usiku ulikuwaje. Kwa hiyo ndio, usiku mwingi tunakaa. Rubani naye anakaa.

Turudi nyuma kidogo tuone hawa watoto walifikaje nyumbani, maana zamani hawakuwa nyumbani. Kuna mtoto wa Iowa anaitwa Katie Beckett, alizaliwa 1978, akiwa na miezi michache tu akaugua ugonjwa wa ubongo uliomwacha akitegemea mashine kupumua. Alikaa hospitali karibu miaka mitatu, si kwa sababu wazazi walimkataa, ni kwa sababu Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo na wenye ulemavu, ilikuwa tayari kumlipia akiwa hospitali lakini akirudi nyumbani mapato ya wazazi yanahesabiwa na bima inakatika. Rais Reagan alilitaja jambo hili kwenye mkutano na waandishi Novemba 1981, akasema serikali inalipa dola 6,000 kwa mwezi kumweka hospitali wakati nyumbani ingekuwa dola 1,000. Mtoto akarudi kwao kabla ya Krismasi ya mwaka huo, na 1982 sheria ikabadilishwa ili majimbo yakitaka yaweze kumpa mtoto wa hali hiyo Medicaid bila kuangalia mshahara wa wazazi. Katie aliishi mpaka 2012, akafa na miaka 34. Angalia lakini hilo neno "yakitaka", nitalirudia mbele.

Halafu mwaka 1989 bunge la Marekani likaongeza nguvu kwenye kile kipengele cha Medicaid cha watoto, kwamba chochote ambacho mtoto wa chini ya miaka 21 anakihitaji kitabibu na kimo kwenye orodha ya huduma za Medicaid, jimbo lazima limpe, hata kama watu wazima wa jimbo hilo hawapewi. Nesi wa nyumbani yumo kwenye hiyo orodha. Ikaja kesi ya Olmstead 1999, mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikasema kumfungia mtu mwenye ulemavu kwenye taasisi wakati angeweza kuishi kwenye jamii ni ubaguzi. Ukisoma karatasi tu utasema hawa watoto wamelindwa kuliko kundi lolote la wagonjwa nchini, na kwa karatasi ni kweli.

Tatizo ni kwamba jimbo linatoa idhini, halitoi nesi. Daktari anaandika mtoto anahitaji saa 112 kwa wiki, bima inakubali, barua inafika, halafu ejensi, yaani kampuni inayotuajiri manesi, inatafuta watu wa kujaza inapata wa saa 50. Hizo 62 nani anazifanya? Nimeona kalenda nyingi zimebandikwa kwenye friji za hizi familia, majina ya manesi kwa kalamu za rangi, na katikati kuna viboksi vitupu, Jumamosi usiku tupu, Jumapili usiku tupu, Jumatano mchana jina limeandikwa likakatwa. Kwenye kiboksi kitupu hakuna aliyeandika "mama" kwa sababu haikuwa na haja, kila mtu mle ndani anajua. Huko Florida ilifika mahakamani, serikali kuu ilishtaki jimbo mwaka 2013, na Julai 2023 jaji akaamua kwamba karibu watoto 140 walikuwa wamewekwa kwenye taasisi za kulelea wagonjwa (nursing homes) bila ulazima, akaliamuru jimbo lihakikishe asilimia 90 ya saa za nesi zilizoidhinishwa zinapatikana kweli. Florida ikakata rufaa. Hebu fikiria, jimbo lilikwenda kubishana mahakamani lisilazimishwe kutimiza saa ambazo lenyewe ndo lilizikubali.

Na sababu ya viboksi vitupu si siri. Ejensi inalipwa na Medicaid kwa kiwango kilichopangwa na jimbo, hakijali soko linasemaje, na kiwango kikikaa miaka bila kuguswa ejensi haina pa kutoa nyongeza. Mshahara wa kati wa RN, nesi aliyesajiliwa wa ngazi ya juu ya LPN, nchi nzima mwaka 2024 ulikuwa dola 93,600, wa LPN dola 62,340, hiyo ni kwa kazi zote zikichanganywa. Nesi wa nyumbani mara nyingi yuko chini ya wenzake wa leseni ile ile, tena kuna adhabu ambayo hospitali hawaijui kabisa, mtoto wako akilazwa wewe huna kazi. Amelazwa wiki tatu kwa nimonia, wiki tatu huna shifti na hulipwi, na kodi ya nyumba haijalazwa. Ndo maana watu wazuri wanakaa miezi 8 wakipata uzoefu wanahama. Niulize mimi nimewaaga wangapi.

Ndani ya shimo hilo ndo wazazi wakaanza kulipwa. Sheria ya zamani ilikuwa kali, huduma binafsi, yaani kumsaidia mgonjwa kuoga, kuvaa na kula, chini ya mpango wa kawaida wa Medicaid haiwezi kutolewa kwa malipo na mzazi wa mtoto, wazo likiwa kwamba kumlea mtoto wako ni wajibu wako. Ikaja korona, manesi hawaingii majumbani, serikali kuu ikawaruhusu majimbo walegeze, na wengi baada ya dharura kuisha Mei 2023 wakaona hii kitu inafaa wakaiendeleza kwa njia za waiva, yaani ruhusa ya serikali kuu kwa jimbo kutofuata baadhi ya kanuni za kawaida za Medicaid. Wengine walishatangulia, Colorado mzazi anasomea cheti cha CNA, yaani msaidizi wa nesi, anaajiriwa na kampuni ya huduma za nyumbani kumhudumia mwanae, na Arizona ilipitisha sheria 2021 ya leseni maalum ya mwanafamilia anayefundishwa kazi kama za trakeostomi na kulisha kwa bomba kwa mtoto wake tu. Mzazi kwa njia hizi halipwi kama nesi, analipwa kama msaidizi, ingawa mikono yake inafanya mengi ya yale ambayo mimi nalipwa kama LPN kuyafanya.

Upande wa wanaounga mkono una hoja nzito na sioni aibu kukubali. Mama wa mtoto wa ventileta hawezi kuajiriwa popote, bosi gani atavumilia mtu anayepigiwa simu mara tatu kwa wiki kwamba nesi wa leo hatokei. Familia inapoteza mshahara mzima halafu inafanya kazi usiku bila malipo. Na kwa kumjua mtoto, hakuna anayemfikia mama. Kuna mtoto nilikuwa naye, mama yake alikuwa jikoni anaosha vyombo akaniambia bila kugeuka "huyo anakaribia degedege", nikamwangalia mtoto sikuona kitu, oksimita nzuri, mapigo mazuri, na haikupita dakika ikaanza. Alisikia nini hata yeye hawezi kukueleza.

Wanaopinga nao, ukiacha wale wa "wanakula kazi zetu", wana jambo. Wanauliza nani anamwangalia anayeangalia? Mimi nina ukomo wa shifti, kuna msimamizi, chati yangu inasomwa, nikikosea kuna bodi ya leseni. Mzazi anafanya mchana, anafanya usiku, kesho yake anafanya tena, na mtu aliyekosa usingizi siku nne anakosea dozi hata akiwa anampenda mtoto kuliko roho yake. Hii hoja ni ya kweli kabisa ila inapigwa mahali pasipo sawa, kwa sababu mama huyo alikuwa hapati usingizi hata kabla ya kulipwa. Kumnyima cheki hakumpi usingizi. Kinachompa usingizi ni nesi kutokea Jumamosi usiku.

Na hapa ndo nafika kwenye kile kinachonikosesha amani. Kiboksi cha kwenye friji kilipokuwa kitupu kilikuwa ushahidi. Mwanasheria aliweza kusimama mbele ya jaji akasema saa 112 ziliidhinishwa, 50 zilitolewa, hii hapa tofauti. Siku mama anapoanza kulipwa kwa hizo 62, kwenye kompyuta ya jimbo zinaweza kusomeka kama saa zilizohudumiwa, upungufu unapotea kwenye vitabu bila hata nesi mmoja kuongezeka, na kwa bei nafuu kuliko ya nesi. Ukiwa wewe ndo mkuu wa bajeti, kwa nini tena uongeze kiwango cha kuwalipa LPN? Huna sababu, kila kitu kijani. Hapo ndo mzazi anageuka kisingizio bila yeye kujua, na nesi anayemchukia mzazi anakuwa amesaidia maana badala ya kudai kiwango wote wawili wanarushiana maneno sebuleni.

Tena hata hiyo hela ya mzazi haina mizizi. Indiana ni mfano mzuri, wazazi walikuwa wanalipwa kwa saa kuwahudumia watoto wao, Desemba 2023 jimbo likasema makadirio ya Medicaid yamekosewa na pengo ni karibu dola bilioni 1, na Januari 2024 likatangaza kwamba kuanzia Julai mwaka huo mzazi wa mtoto hatalipwa tena kwa njia ile, watahamishiwa kwenye mpango mwingine wa malipo ya kiwango cha siku ambao kwa familia nyingi ulikuwa mdogo sana ukilinganisha. Wazazi walioacha kazi wakitegemea ile cheki wakajikuta hawana kazi, hawana cheki, na nesi bado hayupo. Ambacho hakikubadilika hata siku moja ni mahitaji ya mtoto.

Sasa unganisha na ile sheria kubwa ya kodi na bajeti iliyosainiwa Julai 4, 2025, inayokadiriwa kupunguza fedha za serikali kuu kwa Medicaid kwa karibu dola trilioni 1 ndani ya miaka 10. Nimesikia wenzangu wanajituliza kwamba watoto hawakuguswa, ile haki ya chini ya miaka 21 iko pale pale. Ni kweli, ile ya 1989 haijafutwa. Lakini jimbo lililobanwa halihitaji kufuta haki, lina milango mingine mingi na yote haipigi kelele. Linaweza kuacha kiwango cha nesi kikae pale pale mfumuko wa bei ufanye kazi. Linaweza kubana ile njia ya Katie Beckett na waiva zake, kumbuka neno "yakitaka", huo si ulazima. Na linaweza kupunguza saa wakati wa kupitia mpango, na hili la mwisho nimelishuhudia kwa macho, mtoto hajalazwa miezi 7, mtathmini anasoma chati zetu za usiku, hakuna tukio, hakuna tukio, anaandika kwamba mtoto ameimarika saa zipunguzwe. Ameimarika kwa sababu kuna mtu alikuwa anamfyonza kila baada ya dakika 40! Tangu siku ile mimi chati yangu haina "usiku mtulivu", naandika mara ngapi nimefyonza, rangi gani, uzito gani, oksijeni ilishuka mpaka ngapi nikafanya nini ikapanda, hata kama mkono umechoka. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii nawaambia jambo hilo kabla ya lingine lolote.

Kwa hiyo kama ni kudai, tudai vitu vinavyogusa hesabu. Jimbo litoe takwimu za saa zilizoidhinishwa, saa zilizofanywa na nesi, na saa zilizofanywa na mzazi, kila moja safu yake, zisichanganywe kamwe, na saa ya mzazi isihesabiwe kwamba imetimiza saa ya nesi isipokuwa familia yenyewe imesema ndivyo inavyotaka, maana zipo familia zinazotaka hivyo na wana haki. Mzazi anayelipwa abaki na saa za nesi za kumpumzisha zisizokatwa kwa kisingizio cha cheki. Nesi alipwe walau sehemu ya shifti mtoto akilazwa. Na viwango vya nyumbani vifungamanishwe na vile vya hospitali, viwe vinapanda pamoja, hapo ndo utaona wangapi wanahama.

Kuna swali pia ambalo hakuna upande unaoligusa, wao wala sisi. Mtoto huyu akitimiza miaka 21 ile haki ya lazima inakatika, na kwa mtu mzima nesi wa nyumbani ni hiari ya jimbo. Huyo mama atakuwa na miaka 45, 50, amefanya usiku miaka 20 kwa cheti cha msaidizi alichokitumia kwa mtu mmoja tu duniani, mgongo umeshaisha kwa kumwinua mtoto ambaye sasa ana kilo 50. Siku akilazwa yeye, nyumba hiyo inapoteza nesi, msaidizi na mshahara kwa simu moja. Niliwahi kumuuliza mama mmoja ana mpango gani wa siku hiyo. Akanionyesha droo, kuna daftari ameandika kila kitu kwa mkono, dozi, saizi ya mirija, sauti gani inamaanisha nini, kurasa 40 na kitu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa "Kwa yeyote atakayekuja", nafasi ya jina ameiacha wazi.